Jina na Namba: Tarikhi ya Plagi katika Pikapu Kuukuu

Mwezi wa Aprili 1925 sharika ya Ford, ya Michigan nchini Marekani, ilianza kuuza gari ambalo kwa miaka mingi wakulima walikuwa wakijiundia wenyewe kwa msumeno na mbao, yaani Model T ya viti viwili iliyotoka kiwandani ikiwa na sanduku la chuma nyuma yake la kupakia mizigo, kwa bei ya dola 281. Chini ya boneti ya pikapu hiyo mlikuwa na plagi nne za Champion, za aina iliyoitwa X, ambazo mwenye gari aliweza kuzifungua vipande vipande njiani, akatoa kaure zake, akazifuta masizi kwa kitambaa, akazifunga tena na kuendelea na safari. Wala hapakuwa na mtu aliyejisumbua kuuliza plagi ipi iliyofaa, kwa kuwa iliyofaa ilikuwa moja, na kila duka lilikuwa nayo.

Leo mwenye pikapu kuukuu anaposimama mbele ya meza ya duka la spea, iwe Gerezani mjini Dar es Salaam au Kirinyaga Road mjini Nairobi, huwekewa visanduku vingi vinavyofanana kwa sura na kuhitilafiana kwa herufi na bei, na aghalabu huchagua kwa jina alilolizoea kulisikia. Majina hayo yana hikaya yake, na namba zilizo chini ya majina zina hikaya yake pia, na baina ya hikaya hizo mbili, ile ya namba ndiyo yenye manufaa kwa injini. Walakini ile ya majina ndiyo iliyotuzoesha kununua jinsi tununuavyo, kwa hiyo hapana budi kuzieleza zote mbili.

Cheche ni kongwe kuliko gari. Étienne Lenoir, aliyezaliwa katika sehemu ambayo sasa ni Ubelgiji na kufanya kazi yake Paris, alipata hataza mwaka 1860 kwa injini iliyotumia gesi ile ya kuwashia taa za mji, na ndani ya silinda yake aliingiza ncha mbili zilizotengwa kwa kaure, akazipelekea umeme kutoka katika koili ya Ruhmkorff. Lakini betri za zama hizo zilikuwa nzito na dhaifu, na umeme wake hauaminiki, hata Gottlieb Daimler alipoanza kuunda injini ndogo za mbio katika miaka ya 1880 aliiacha cheche kabisa, akatumia mrija wa chuma uliopashwa kwa moto wa nje mpaka ukaiva, ili petroli na hewa vikisukumwa ndani yake viwake vyenyewe. Mtu akifikiri kwamba wazee hao walikuwa wakisafiri huku moto wa wazi ukiwaka hatua chache kutoka kwenye petroli, hatashangaa kusikia kwamba njia hiyo haikudumu. Karl Benz, hasimu wa Daimler, alishikamana na betri na koili, akasumbuka nazo.

Aliyeikata mizizi ya fitina hiyo ni Robert Bosch, aliyefungua karakana yake Stuttgart mwaka 1886, na zaidi yake mhandisi wake Gottlob Honold, ambaye mwaka 1902 alikamilisha magneto yenye kutoa umeme wa nguvu kubwa pasipo haja ya betri, pamoja na plagi ya kuupokea umeme huo. Tangu hapo umbo la plagi halikubadilika sana: ganda la chuma lenye hesi, moyo wa kaure, ncha moja katikati na nyingine ubavuni, na baina ya ncha hizo mwanya mdogo ambao cheche huuruka.

Ama hikaya ya majina, hiyo yachekesha. Albert Champion alizaliwa Paris mwaka 1878, akajipatia sifa kwa baiskeli, akashinda mbio za Paris–Roubaix mwaka 1899, kisha akavuka bahari kwenda Marekani kushindana kwa malipo. Ajali ya gari la mashindano ilimvunja paja, na alipoachana na mbio aligeukia vifaa vya umeme vya injini. Mwaka 1905, kwa msaada wa fedha za ukoo wa Stranahan, akafungua mjini Boston sharika iliyobeba jina lake. Mwaka 1908 William Durant, mkuu wa Buick, alimvuta aende Flint, Michigan, akamtengenezee plagi huko, naye Champion akaenda. Bali wale Stranahan walibaki na sharika, na jina nalo likabaki kwao, na mwaka 1910 wakahamia Toledo, Ohio, wapate kuwa karibu na kiwanda cha magari cha Willys-Overland. Basi yakawa ya ajabu, kwamba mtu aitwaye Champion hakuweza kuuza plagi kwa jina la Champion, ilhali wasiokuwa Champion waliziuza kwa maelfu. Hata akalazimika kuchukua herufi za mwanzo za majina yake mawili, na mwaka 1922 kiwanda chake cha Flint, kilichokuwa chini ya General Motors, kikaitwa AC. Alifia Paris mwaka 1927. Wale wakulima wa Marekani waliobishana magengeni, mwenye Ford akisifu Champion na mwenye Chevrolet akisifu AC, walikuwa wakimgombania mtu mmoja.

Ubishi huo haukuzuka wenyewe. Watengenezaji wa plagi walikuwa wakiwauzia wenye viwanda vya magari plagi za kwanza, zile ambazo gari hutoka nazo kiwandani, kwa takriban senti 6 za dola kila moja, bei iliyokuwa sawa na gharama au chini yake, na waliendelea na bei hiyo hata gharama ilipopanda mara tatu. Ukarimu huo ulikuwa na siri yake, kwa maana fundi anapobadilisha plagi hurudisha jina lile lile alilolikuta, na gari moja katika umri wake hubadilishwa plagi mara tano au sita, kwa bei kamili. Ford, akiona faida hiyo inawaendea wengine, alinunua mwaka 1961 jina la Autolite pamoja na kiwanda chake cha plagi kilichoko Fostoria, Ohio. Serikali ya Marekani ikamshtaki kwamba anaua ushindani, na kadhia ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1972 ilihukumu kwamba Ford aachane na mali hiyo, na kwa miaka 10 asitengeneze plagi. Mimi naihesabu hukumu hiyo kuwa ushahidi bora kuliko matangazo yote ya biashara, kwani ndani yake mlithibitishwa waziwazi kwamba uaminifu wa mnunuzi kwa jina fulani ni kitu kilichonunuliwa kwa niaba yake, kabla hajaligusa gari, kwa senti 6.

Tuyaache majina, twende kwenye joto, kwa kuwa hapo ndipo ilipo elimu yenyewe.

Plagi ina kazi mbili zenye kugombana. Ncha yake iliyo ndani ya silinda yatakiwa iwe na moto wa kutosha kuunguza masizi na oili inayoigandia, na kiwango hicho huanzia karibu nyuzi 450 za Selsiasi. Lakini ikipindukia nyuzi 850 hivi, ncha hiyo huiva, ikawasha petroli kabla ya cheche kupigwa, na pistoni inayopanda ikakutana na mlipuko unaoshuka, jambo ambalo likiendelea hutoboa pistoni. Model T ilikuwa ikiishindilia hewa kiasi cha mara 4 tu, injini yake ikienda polepole, na plagi yoyote ikaridhika. Kadiri injini zilivyozidi kushindilia na kuongeza mbio, ndivyo ilivyodhihiri kwamba plagi moja haiwezi kuzitumikia zote. Wa kwanza kulijua hilo kwa uchungu walikuwa watu wa mashindano na wa ndege. Kenelm Lee Guinness, dereva wa mbio wa Uingereza, alipoona kaure zikipasuka kwa joto alizitupa, akafunga mahali pake tabaka nyembamba za ulanga, na plagi zake zikauzwa kwa herufi KLG. Ulanga huo, madini yale yale yaliyochimbwa katika milima ya Uluguru tangu zama za utawala wa Wajerumani, ulitafutwa sana na madola katika vita viwili vikuu kwa ajili ya vyombo vya umeme. Hata hivyo katika plagi haukudumu, kwani haukustahimili petroli iliyotiwa risasi, na katika miaka ya 1930 Wajerumani wa Siemens walionyesha njia ya kuuchoma unga wa alumina mpaka ukawa kaure ngumu iliyoshinda kaure zote za kale. Plagi nyeupe tunazozishika leo ni za uzao huo.

Kwa kaure hiyo waliweza kupanga madaraja ya joto. Pua ya kaure ikiwa ndefu, joto huchukua njia ndefu kuifikia hedi na maji, plagi ikabaki na moto, na hiyo huitwa plagi ya joto. Pua ikiwa fupi, joto hukimbia upesi, na hiyo ni plagi ya baridi. Injini ya taratibu, ya mizigo midogo na safari fupi, hutaka ya joto, na injini yenye kukamuliwa hutaka ya baridi. Hapana ufundi zaidi ya huo, na lau watengenezaji wangalikubaliana namna ya kuyahesabu madaraja hayo, makala haya yangalikuwa mafupi. Hawakukubaliana. Kwa NGK na Denso za Japani, namba ikipanda plagi huzidi baridi. Kwa Champion, na kwa Bosch wa siku hizi, namba ikipanda plagi huzidi joto. Na Bosch mwenyewe zamani alihesabu kinyume cha anavyohesabu sasa, kwa namba kubwa kama 145, 175 na 225. Plagi iandikwayo N9YC kwa Champion ndiyo BP6ES kwa NGK, ndiyo W7DC kwa Bosch, ndiyo W20EP kwa Denso: tisa, sita, saba na ishirini, na injini haioni tofauti yoyote. Mnunuzi anayeambiwa dukani kwamba 7 ni kali kuliko 6, pasipo kuambiwa ni 7 ya nani, ameambiwa upuuzi.

Herufi nazo zina maana. Katika BP5ES, ambayo imezoeleka katika injini ndogo za Datsun, B yaonyesha hesi ya milimita 14. P, kwamba pua ya kaure imetokeza mbele ikutane na mchanganyiko. 5, daraja la joto. E, kwamba mguu wenye hesi una urefu wa milimita 19. S, ncha ya kawaida yenye shaba ndani. Ikiongezwa R, plagi imetiwa kizuizi cha umeme ndani yake ili cheche isivume katika redio, desturi iliyotiliwa nguvu na sheria ya Uingereza ya 1952 baada ya watazamaji wa televisheni kulalamika kwamba kila gari lipitalo linawaharibia picha. Katika pikapu kuukuu R haidhuru kitu. Kinachodhuru ni urefu wa mguu. NGK huandika H kwa milimita 12.7 na E kwa 19. Champion huandika L kwa ule wa kwanza na N kwa ule wa pili. Mguu mfupi ukitiwa katika tundu refu, cheche hupigwa shimoni na hesi zilizobaki hujaa masizi. Mguu mrefu katika tundu fupi hutokeza ndani ya silinda, hesi zake zikaiva kwa moto, na pistoni yaweza kuugonga. Nimeona watu wakilinganisha plagi kwa unene na kuridhika, bila kuziweka sambamba kupima urefu, na sijui ujasiri huo wanautoa wapi.

Afrika ya Mashariki iliipokea elimu hii kwa njia ya barabara zake. Kenya ya miaka ya 1920 ilijaa Ford zilizofungwa mwili wa boksi kwa mbao, na taabu zao zilikuwa zile zile za Michigan pamoja na vumbi. Lakini zama zilizotia mkazo ni zile baada ya 1960, ilipokuja Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, tena 1966 na 1967 likiendeshwa na Bert Shankland aliyekuwa akikaa Tanzania, na tena 1968, kisha likaendelea kuungwa Kenya miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuliacha, na pikapu yake ikabeba ndizi, mikaa, na abiria wasiohesabika. Injini ya 404 imelala ubavu kwa nyuzi 45, na plagi zake zimezama katika visima virefu ambamo hazifikiwi ila kwa spana ya bomba. Oili ikivuja ikaingia kisimani, kiungo cha waya huloa, injini humisi, na mwenye gari hukimbilia kununua plagi nne mpya kwa maradhi yasiyo ya plagi. Pikapu ngapi za Peugeot zimebadilishiwa plagi zisizo na kosa kwa sababu ya ringi ya mpira ya bei ndogo, Mungu ndiye ajuaye.

Kisha wakaja Wajapani. Hilux ilianza 1968, Datsun 1200 pikapu ikaanza 1971 na injini yake ya sentimita za ujazo 1,171 yenye kushindilia mara 9, na hiyo Datsun ilipendwa hata ikaendelea kutengenezwa Japani mpaka 1994, na Afrika ya Kusini, kwa jina jingine na injini kubwa kidogo, mpaka 2008. Magari hayo yalikuja na plagi za kwao: NGK, sharika iliyoasisiwa Nagoya mwaka 1936 kutoka katika ukoo wa viwanda vya kaure, na Denso, iliyojitenga na Toyota mwaka 1949. Kama vile mkulima wa Ohio alivyorudisha Champion kwa kuwa aliikuta, fundi wa Mwanza alirudisha NGK kwa kuwa aliikuta, na ndivyo majina hayo mawili yalivyotawala rafu za maduka yetu.

Hapa petu pana jambo moja ambalo vitabu vya Nagoya na Stuttgart haviwezi kulijua kwa niaba yetu. Injini yenye kabureta hupima petroli bila kujua hewa ni nyepesi kiasi gani. Nairobi, iliyo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua kwa karibu sehemu moja kwa sita, kwa hiyo pikapu iliyorekebishwa Mombasa ikipanda huko hunywa petroli iliyozidi hewa yake, na Limuru, iliyo juu zaidi, huzidisha. Plagi iliyokuwa safi pwani hugeuka nyeusi bara, na fundi asiyetafakari huihukumu plagi. Dawa ya kwanza ni kabureta, na ikiwa gari linaishi bara, la mizigo midogo na mwendo wa polepole, ndipo yafaa kushuka daraja moja kwenye joto. Lile linalopakia mahindi likapanda mlima wa Kitonga kwa gia ya pili lisiguswe, libaki na daraja la kitabu chake.

Mafundi wa kale walikuwa na kipawa cha kuisoma sura ya plagi: hudhurungi ni uzima, nyeusi kavu ni petroli nyingi, nyeusi iliyolowa ni oili inayopita ringi, nyeupe yenye malengelenge ni joto la hatari. Kipawa hicho walikipata katika zama za petroli ya risasi, ile ambayo Thomas Midgley aliigundua Dayton, Ohio, mwaka 1921 na ikaanza kuuzwa 1923, na ambayo ilipaka plagi rangi zake yenyewe. Nchi zetu ziliiacha kufikia mwanzo wa 2006, baada ya mapatano ya Dakar ya 2001, na tangu hapo plagi ya injini nzima hutoka imepauka kuliko zamani. Mzee anayeiona sura hiyo akadhani injini inaungua, akaongeza petroli katika kabureta, anaiharibu kwa elimu ya zama zilizopita.

Limebaki suala la plagi za iridiamu, zenye ncha nyembamba hata ya milimita 0.4, ambazo bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kawaida. Hizo ziliundwa kwa ajili ya injini ambazo kuzifikia plagi ni kazi ya nusu siku, na zenye umeme wa nguvu usiotetereka. Pikapu yenye distribyuta ya zamani, ya midomo inayogusana na kuachana, hutaka mwanya wa kiasi cha milimita 0.7 au 0.8, upimwe tena kila mara. General Motors ilipoongeza mwanya mpaka zaidi ya milimita 1.1, katika magari yake ya 1975, ilikwisha badilisha kwanza umeme wote unaoulisha mwanya huo. Kutia plagi ya iridiamu katika injini inayokula oili na kufunguliwa plagi kila baada ya wiki mbili ni israfu, na mimi siishauri hata kwa mwenye uwezo. Plagi ya nikeli, ya daraja la kitabu, ya urefu sahihi, iliyonunuliwa kwa muuzaji anayejulikana kwa kuwa bandia ni nyingi, yatosha.

Basi msomaji mwenye pikapu ya namna hiyo, nenda dukani na plagi ya zamani mkononi pamoja na namba ya kitabu, maana huenda aliyekutangulia alitia isiyofaa; ziweke mbili sambamba ulinganishe urefu wa mguu; pima mwanya kwa fila; kisha ingiza kila moja kwa vidole mpaka ikae, injini ikiwa imepoa, na spana iongeze nusu mzunguko au zaidi kidogo ikiwa washa ni mpya. Hedi ya aluminiamu ikiliwa hesi kwa kukazwa kwa pupa, gharama ya kuichonga upya huzidi bei ya plagi zote nne.